Mgonjwa wa Bwana Tomu

Mwaka ule bei ya mkonge ilipoporomoka, kampuni zilianza kupunguza watu. Walitangulia wakata mkonge, ambao hakuna aliyewauliza neno, wakafuata wapagazi wa bandarini, ambao walipiga kelele kidogo, na mwishowe punguzo likabisha hodi maofisini. Katika ofisi moja karibu na bandari ya Tanga kulikuwa na makarani wawili Waafrika. Ilikuwa imekwisha julikana, kwa njia ile ile ambayo mambo ya wakubwa hujulikana mjini, kwamba Bwana Tomu akirudi kutoka likizo yake ya Ulaya, mmoja wao atakuwa karani mkuu na mwingine ataagwa.

Wa kwanza alikuwa Idarusi wa Ngamiani, mtu wa makamo aliyefunga tai hata siku za joto ambazo Wazungu wenyewe walifungua vifungo vya shati. Idarusi alikisema Kiingereza kama mtu anayekula halua, na hakupenda kiishe mapema. Wa pili alikuwa Methusela, Mlutheri aliyeteremka kutoka milima ya Usambara, mtu wa maneno machache ambaye akianza kazi huimaliza. Idarusi alimhesabu kuwa mshamba na hakuwa na wasiwasi naye. Wasiwasi alikuwa nao mkewe, Mboni, kwa sababu alijua kwamba mshahara ule ukikatika hawana pa kwenda ila Kigombe, kuanika dagaa uwanjani kwa mjomba ambaye Idarusi alikwisha mtukana mbele za watu.

Siku ya mwisho kabla ya kupanda meli, Bwana Tomu aliingia ofisini amekumbatia chungu cha buluu, kipana na kifupi. Ndani yake mlikuwa na mti. Haukuwa mche. Ulikuwa mti mzee hasa, wenye shina nene lililopasuka magamba, mizizi iliyotokeza na matawi yaliyoinama, ila wote kwa jumla haukufika urefu wa mkono wa mtu. Bwana Tomu alieleza kwamba aliununua Singapuri kwa fundi wa Kijapani, kwamba uliitwa bonsai, na kwamba mafundi hao huikata na kuifunga miti vizazi na vizazi ili isikue. Huu ulikuwa na umri mkubwa kuliko baba yake. Sasa ulikuwa unaumwa. Ulikaa mno sebuleni kwake Raskazone chini ya upepo wa panka, majani yakageuka manjano, na Uweso, mtunza bustani wake, aliomba asitwishwe lawama ya kitu asichokijua. Je, hapa ofisini kuna mtu anayeweza kuutunza mpaka likizo iishe?

Idarusi alisema yupo kabla swali halijafika mwisho. Methusela aliulizwa kwa adabu tu, akajibu kwamba miti aliyoizoea yeye ni ile ambayo mtu anaweza kukaa chini yake. Bwana Tomu hakucheka, na Idarusi akaona wazi kwamba ukarani mkuu umekwisha pata mwenyewe.

Nyumba ya Idarusi ilikuwa na chumba kimoja tu chenye hewa, kile cha mbele, chenye dirisha linalotazama mashariki. Ndicho alicholala mama yake, Bi Mwatumu, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umevimba na joto lilimzidishia maumivu. Idarusi aliutua mti juu ya kitanda cha mama yake, akafuta jasho, akaeleza kwamba Bwana Tomu ameagiza uwekwe mahali penye mwanga.

Bi Mwatumu alichuma jani moja akalitafuna.

"Huu si mkwaju huu?"

"Ni mti wa Kijapani, mama."

"Basi ni mkwaju wa Kijapani. Na ndio miye niupishe?"

Idarusi akaeleza habari ya ukarani mkuu, habari ya punguzo, na habari ya Kigombe. Bi Mwatumu hakuwa mtu wa kumzuilia mwanawe riziki. Alikunja mkeka wake, akahamia chumba cha uani, ubavuni mwa jiko, ambako moshi uliingia bila kuomba ruhusa. Mboni aliona haya kubeba mto wa mkwewe ili kuupisha mti, lakini aliubeba.

Mti ukawekwa juu ya meza ya duara yenye kitambaa cha kufuma. Chini ya chungu Idarusi aliweka beseni la enameli, maji yasije yakaharibu kitambaa. Dirisha lilifungwa nusu, upepo usije ukamwudhi mgonjwa. Alimkataza Mboni kufagia kwa nguvu chumbani humo, na yeye mwenyewe akawa anaingia kwa kunyata.

Ngamiani habari hazihitaji kutumwa. Bi Mastura, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliona mkongwe amehamishwa, dirisha limefungwa, na mwenye nyumba ananyata, akajua kwamba mle ndani mna mtu mahututi. Alijitanda kanga, akawapitia wanawake wengine wawili, wakaja kumtazama mgonjwa. Walivua viatu mlangoni, wakaingia wakiwa wamekwisha tayarisha nyuso zao za huzuni, wakakuta mti.

Sasa, mtu aliyekwisha vua viatu mlangoni kwa mgonjwa harudi hivi hivi. Wakakaa. Wakasema pole. Wakauliza ulianza kuumwa lini, na kama usiku unalala, na Mboni, ambaye hakujua afanye nini zaidi, akawajibu kama anavyojibu mwenye mgonjwa. Ikabaki shida moja. Kutoka kwa mgonjwa bila kumpa chochote si vizuri, na mti hauli uji wala haukandwi kwa mafuta. Bi Mastura akafikiri, akaomba kikombe cha maji, akasema bismillahi, akaunywesha. Wenziwe wawili hawakukubali thawabu ichukuliwe na mmoja. Kila mmoja akaunywesha chake.

Tangu siku hiyo mti ukawa na wageni asubuhi na jioni. Walikuja wa mtaa ule na wa mitaa ya mbali, wenye kuhurumia na wenye kutaka tu kuona mti wa Mzungu unaolala chumba cha watu. Wote waliunywesha. Idarusi alipoelezwa alifurahi sana. Alikuwa hajapata kusikia karani mwingine katika Tanga nzima ambaye mti wake unatazamwa, akamwambia Mboni asimrudishe mtu.

Maji ya kunywa yalikuwa mtungini, na mtungi ulikuwa uani, karibu na mlango wa chumba cha Bi Mwatumu. Mkongwe alikuwa akikaa hapo na mguu wake juu ya kibao, na wageni walipita mbele yake kikombe mkononi, wakienda na kurudi. Siku moja Bi Mastura alimwomba asogeze mguu kidogo ili apite. Alisema shikamoo kwanza, hilo hatumnyimi, lakini hakuuliza mguu una nini. Bi Mwatumu aliusogeza mguu, akasema marahaba, na alipobaki peke yake alilia kwa uchungu, akasingizia moshi.

Haikupita muda, majani yakaanza kudondoka. Kwanza yalidondoka machache, Mboni akayaokota kabla mumewe hajarudi. Kisha yakawa mengi kuliko yanavyofichika. Idarusi alirudi jioni moja akakuta matawi karibu matupu, meza imejaa majani, na chumba kina harufu asiyoijua. Alikaa kitandani, tai shingoni, akawa anayahesabu majani yaliyobaki juu badala ya yale yaliyoanguka.

Asubuhi yake alipanda baiskeli akafuata barabara ya Pangani, akitafuta mkwaju mwingine mdogo wa kubadilisha, maana Bwana Tomu angejuaje? Lakini mikwaju yote aliyoiona ilikuwa imekua bila aibu, mikubwa ya kuegemeza nyumba. Alirudi na mche aliouong'oa kando ya mtaro. Alipouweka karibu na ule wa Kijapani, mche ulikuwa mche na mzee alikuwa mzee, hata kipofu angetofautisha kwa kupapasa.

Ndipo alipokwenda uani.

"Mama, mti unakufa."

"Nimesikia harufu tangu juzi," alisema Bi Mwatumu.

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Wanaokuja huku huja kuchota maji." Akainua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka vizuri. "Mti wako umeoza mizizi. Unanyweshwa mchana kutwa, na yanayomwagika yanakaa humo beseni. Hata miye ungenikalisha ndani ya beseni ningeoza."

Idarusi aliona aibu, tena aibu ya kweli. Lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo aibu ikaambiwa ingoje.

Waliupeleka uani, yeye na mkewe, wakaukung'uta ukatoka chunguni. Udongo ulitoka mweusi na laini, ukinuka kama mtaro. Mboni alishika shina, Idarusi akaipenyeza tai yake kati ya vifungo vya shati isiingie matope, akachukua mkasi wa kukatia nguo. Mizizi iliyooza ilikatika kwa kuguswa tu. Iliyobaki mizima, myeupe na migumu, ilikuwa michache sana, na kila alipofikia mmoja wa mashaka alimtazama mkewe. Mboni alimwambia akate. Alikata huku anasoma aya alizozijua, na zilipomalizika akazirudia.

Mchanga wa kwanza aliuleta kutoka ufukweni. Bi Mwatumu, ambaye sasa alikuwa na kitu cha kutazama, aliuliza kama anataka kuukausha mti kwa chumvi kama papa. Idarusi akaumwaga, akaenda kuchota mwingine mto Mkulumuzi, wakauchanganya na vigae vya mtungi vilivyopondwa na vipande vya makaa, ili maji yapite yaende zao. Beseni likarudi kazi yake ya kufulia. Mti ukawekwa uani chini ya kipande cha makuti, upate jua la asubuhi peke yake, na haukupewa maji mpaka kidole kiingizwe mchangani na kutoka kikavu.

Wageni walifungiwa mlango. Mboni ndiye aliyetwishwa kazi ya kuwaambia, na hakuna njia nzuri ya kumwambia jirani kwamba maji yake yameua. Alisema tu kwamba mgonjwa amekatazwa watu. Bi Mastura aliona amedharauliwa, akatangaza mtaani kwamba Mboni ameanza kiburi kabla mumewe hajawa mkubwa, na kuanzia hapo Mboni akienda kisimani mazungumzo yalikatika. Aliyalipia matumaini ya mumewe kwa marafiki zake, na hakuna aliyemwambia ahsante.

Mtu angedhani kwamba mti ukiwa uani, Bi Mwatumu atarudi chumbani kwake. Hakurudi. Chumba kilikuwa kimewekwa mchanga wa akiba wa mti.

Idarusi sasa hakukaa ofisini. Adhuhuri ikifika alisema ana mgonjwa, akachukua baiskeli yake. Meli zilipofunga gati na marobota ya mkonge yalipotakiwa kuhesabiwa, alikuwa Ngamiani amechuchumaa, anaupungia mti upepo. Methusela alimwambia kila mara, "Nenda, Bwana Idarusi, nitamalizia." Idarusi alimsimulia mkewe jambo hilo kwa kicheko, kwamba hajaona mtu mwepesi wa kutumiwa kama yule Msambaa.

"Na Bwana Tomu akirudi," aliuliza Mboni, "akikuta kazi yote imefanywa na mwenzio, ataona nini?"

"Ataona mti."

Siku chipukizi la kwanza lilipotokea, dogo kama punje ya mtama, Idarusi aliita nyumba nzima. Machozi yalimlengalenga. Na hapa tumtendee haki yake: machozi yale hayakuwa ya ukarani mkuu. Alikuwa ameupenda. Alijifunza kwa macho yake lini chipukizi likatwe ili lifuatalo litoke dogo zaidi, tawi lipi likiachwa litamnyang'anya mwenzake nguvu, na jua lipi ni la kulisha na lipi la kuchoma. Alizungumza nao Kiingereza, ambacho mkewe hakukijua na mti haukuweza kukisahihisha. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa kijana, alikuwa na kazi aliyoamka akaikimbilia. Kwa bahati mbaya haikuwa ile aliyoajiriwa kuifanya.

Bwana Tomu alirudi msimu wa vuli ulipokuwa unakaribia. Mti ulikuwa umejaa majani kuliko siku ulipokuja. Idarusi alipiga pasi shati, akakodi teksi, na alipokuwa anapakata chungu Mboni aliinama dirishani.

"Mwambie mti uko salama," alisema. "Basi. Usimweleze mengine. Akikuuliza uliufanyaje, mwambie ulifuata maagizo yake."

Idarusi alimwahidi. Mboni alimtazama jinsi alivyoishika tai yake, akajua kwamba ahadi ile haitafika Raskazone.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida ya nyumba zile, akapelekwa barazani. Bwana Tomu alipouona mti aliinuka kitini. Aliuzunguka, akainama, akamwita mkewe, naye akatoka akapiga makofi mawili matatu. Kisha akauliza jambo moja tu, kwamba Idarusi aliwezaje.

Mwenye kulijua jibu alikuwa Mboni, lakini Mboni alikuwa Ngamiani. Idarusi alivuta pumzi, akaeleza. Alieleza kwa Kiingereza chake chote, kile cha shuleni na kile cha magazetini. Alieleza kuoza kwa mizizi na jinsi ya kuijua iliyo hai kwa ugumu wake. Alieleza mchanga wa mto, vigae na makaa, kidole kinavyopima kiu, na chipukizi linavyobanwa kwa kucha. Alionyesha kwa mikono. Beseni na wanawake wa Ngamiani hakuwataja, wala mama yake. Bwana Tomu alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halijapata kutokea tangu wafahamiane, na Idarusi aliona moyo wake unapanda.

Alipomaliza, Bwana Tomu alimwekea mkono begani. Alisema kwamba atakuwa mkweli kwake. Leo asubuhi alipita ofisini, akaona kazi ya Methusela, na neno la karani mkuu limekwisha. Kwa upande wa Idarusi alikuwa na huzuni, maana ilimbidi ampunguze, na njia nzima ya kutoka ofisini alikuwa anafikiri atamwambiaje.

"Miaka yote hii nimekuwa najiuliza wewe unaweza kazi gani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. "Sasa nimejua. Uweso amezeeka, anarudi kwao Mkwaja. Bustani ni yako."

Idarusi alisema, "Asante sana, bwana." Alikuwa amezoea kulisema neno hilo kabla ya kuelewa alichoambiwa, na lilipokwisha toka hakukuwa na njia ya kulirudisha. Mke wa Bwana Tomu alimletea glasi ya maji ya ndimu, naye akainywa amesimama, akaambiwa aanze Jumatatu.

Nyumbani Mboni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia nini?"

"Kila kitu."

Mboni hakumgombeza. Alikaa kizingitini akashika shavu. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na faraja aliyoionea haya, maana mshahara ni mshahara na Kigombe imeahirishwa. Jioni Bi Mastura alikuja na wenzake kupatanisha ujirani, wamesikia kwamba Idarusi amechukuliwa na Bwana mkubwa nyumbani kwake hasa, Raskazone. Walimpa hongera. Wakauliza ni cheo gani. Idarusi alikuwa bado anatafuta neno la Kiingereza la kuwajibu, na Bi Mwatumu akawaambia kwa lugha inayoeleweka kwamba mwanawe atatunza bustani, akawataka wanaopita wamsaidie kuhamisha mchanga.

Jumatatu ikafika, akaenda. Alitunza maua, alikata majani, aliokota vijiti. Bwana Tomu alikuwa na desturi mpya. Jumamosi, siku ambayo mabwana wa mashamba ya mkonge hupita ofisini, alitaka mti uwe pale, juu ya meza iliyo karibu na dirisha, ili wauone. Meza hiyo ilikuwa ya karani mkuu.

Basi Jumamosi ya kwanza Idarusi alifika ofisini amekumbatia chungu. Alikuwa amevaa tai. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima, maneno makali ya kumrudishia Methusela akithubutu kusema lolote, na alikuwa na ya akiba.

Methusela alimwona kupitia dirishani. Aliinuka kwenye kiti, akaja mwenyewe kumfungulia mlango kwa sababu aliiona mikono yake imejaa. Alisema, "Karibu, Bwana Idarusi," kama alivyosema siku zote. Akarudi mezani, akaondoa vitu vyake upesi kupata nafasi, akashika chungu upande wa pili, wakakitua pamoja polepole. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini wasisikie wengine, kama Bi Mwatumu mguu wake umepata nafuu.

Idarusi alimtazama usoni akitafuta kicheko, hata kidogo, maana mtu anayekucheka bado mnashindana naye. Hakukiona. Methusela alikuwa anamhurumia.

Akamjibu kwamba mama hajambo. Hakujua kama ni kweli. Akatoa mkasi mfukoni, akaanza kazi.